Dizeli inavuja kwenye gari la zamani: ubadilishe mpira, ufungue pampu, au utafute tangi jingine?

Mwenye Land Cruiser ya injini ya 1HZ, Hilux ya 3L au Canter iliyochoka hapa Tanga akiona dizeli inadondoka chini ya gari, hapati jibu moja. Fundi mmoja atamwambia pampu imekwisha, anunue nyingine. Mwingine atamwambia kaza klipu, nenda zako Muheza. Kila mmoja ameshakutana na gari ambalo jibu lake lilikuwa sahihi, ndiyo maana analitoa kwa uhakika. Tatizo ni kwamba gari lako huenda si lile.

Msimamo wangu nautoa mapema: ukubwa wa tone usikuchagulie matengenezo. Kinachoamua ni upande gani wa mfumo unaovuja. Kutoka tangi hadi pampu, mafuta yanavutwa. Kutoka pampu hadi nozeli, vile vinavyonyunyizia mafuta kwenye silinda, yanasukumwa kwa nguvu kubwa mno. Kutoka nozeli kurudi tangini, njia ambayo mafundi wanaiita riteni, yanatiririka tu. Tone la ukubwa uleule likitoka kwenye riteni ni kazi ya nusu saa; likitoka kwenye paipu ya nozeli, gari lisiwashwe tena mpaka litengenezwe.

Wapo wanaosema dizeli si petroli, haishiki moto, basi tone moja moja halina neno. Ni kweli dizeli ikimwagika sakafuni haiwaki kwa kiberiti kirahisi. Lakini ikirushwa kama ukungu juu ya manifodi ya ekzosi iliyopanda mlima wa Lushoto na mzigo, inawaka bila kuhitaji cheche. Na isipowaka, inakula raba: mpira wa rejeta, mkanda wa feni, mounti za injini. Ikimwagika barabarani penye kona, bodaboda wa nyuma yako ndiye anayeanguka. Hesabu ya fedha nayo ipo. Tone moja kila sekunde, injini ikifanya kazi saa nane, linakaribia lita moja kwa siku.

Kutafuta chanzo bila kupoteza kidole

Dizeli hutambaa. Inatoka juu kwenye nati ya nozeli, inafuata ubavu wa bloku, inazunguka chini ya pampu na kudondokea kwenye bolti ya mwisho. Ukiangalia chini tu utailaumu pampu isiyo na kosa. Osha injini asubuhi ikiwa ya baridi, kwa sabuni na brashi, ikaushe vizuri, kisha nyunyiza poda ya mtoto kuzunguka pampu, filta na nati za nozeli. Washa, iache iungurume dakika chache, zima, chukua tochi, anza juu kushuka chini. Poda iliyolowa mahali pa juu kuliko pote ndiyo inayokuonyesha chanzo.

Usipapase kwa vidole. Nozeli za injini hizi hufunguka kwa msukumo wa zaidi ya bar 100, na nyingine zaidi ya 200, wakati tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo. Mchirizi mwembamba wa nguvu hiyo unapenya ngozi. Unachokiona ni kitobo kama cha sindano, mwanzoni hakiumi sana, na mtu anafunga kitambaa anaendelea na kazi huku ndani dizeli inaua nyama. Likitokea, ni kwenda hospitali ya Bombo saa hiyohiyo na kumweleza daktari wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa msukumo, si mkato wa kawaida, kwa sababu hiyo ni kazi ya upasuaji wa haraka. Kutafuta uvujaji wa upande huu tumia kipande cha boksi: kipitishe karibu na paipu, injini ikiwa inawaka, uangalie wapi kinalowa.

Kabla ya pampu: kuziba, kubadilisha mpira, au kulaza paipu mpya

Upande huu ndio unaowasumbua watu wengi na ndio unaowafanya walipie pampu bure, kwa sababu mara nyingi hauonyeshi tone lolote. Pampu inavuta. Penye ufa mdogo, injini ikiwaka, badala ya mafuta kutoka, hewa inaingia. Injini ikizimwa usiku, mafuta yanarudi tangini taratibu na asubuhi gari linazungusha bila kuwaka. Watu husema limevuta upepo. Dalili ninayoiamini ni hii: likilala kwenye mteremko pua ikiwa chini, asubuhi linawaka vizuri, likilala pua juu, linasumbua. Pua ikiwa chini tangi linakuwa juu ya pampu, mafuta hayarudi nyuma.

Hapa ndipo ninapopenda njia ya fundi mmoja mzee wa Chumbageni. Mteja akifika na hadithi ya pampu mbovu, anamjibu, "Kaka, kabla hujanipa hela ya pampu, nipe kidumu na mpira mita mbili." Anajaza dizeli safi kwenye kidumu cha lita 5, anakifunga kwa kamba juu kuliko pampu, anachomoa mpira unaotoka tangini na kuunga wa kwake hapo, kabla ya filta. Mpira wa riteni nao anauelekeza kwenye kidumu hichohicho. Anatoa hewa kwa pampu ya mkono, anawasha, anaacha gari likae usiku kucha hivyo. Likiwaka asubuhi kwa mara moja, na filta haijadondosha tone, pampu haina kosa na filta haina kosa; ubovu uko nyuma, kwenye paipu au tangi. Likisumbua bado, anaunga kidumu baada ya filta na kurudia. Likikubali sasa, kosa liko kwenye kichwa cha filta. Kazi hii haigharimu zaidi ya usiku mmoja, na imeokoa pampu nyingi zisifunguliwe bila sababu.

Anayetaka kuona kwa macho aweke kipande kifupi cha mpira unaoonyesha ndani, kabla tu ya pampu. Mapovu yakipita mfululizo injini ikiwa inawaka, hewa inaingia. Kipande hicho ni cha kupimia tu, kitolewe baadaye. Mpira wa maji wa dukani unalainika kwa joto la injini, kisha dizeli inaufanya mgumu hadi unapasuka.

Ukishajua ubovu uko huku, machaguo ni matatu, na hayana uzito sawa.

Kuziba kwa gundi ya chuma, sabuni ya kipande au mpira wa tyubu uliokazwa ni kwa ajili ya kufika nyumbani. Upande wa mvuto unaidanganya gundi: hapatoki tone, unaona umepona, kumbe hewa bado inaingia. Sabuni ya kipande ikisuguliwa kwenye ufa wa tangi inashika kweli, kwa sababu dizeli haiyeyushi sabuni kama maji yanavyofanya, na imewafikisha watu mjini kutoka Pangani. Siku ya pili itafutiwe mbadala.

Kubadilisha mpira ndilo chaguo sahihi kwa magari mengi, mradi ununue mpira wa mafuta. Ule halisi una maandishi ubavuni, SAE J30 na kufuatiwa na R6, R7 au R9, na ukiukata unaona nyuzi katikati ya tabaka mbili za raba. Unaofanana nao kwa rangi, usio na maandishi, hata ukiwa nusu ya bei, utakuvimbia miezi michache ijayo. Klipu nazo zichaguliwe: ya skrubu yenye meno inakata mpira mwembamba ikikazwa kwa hasira, ile yenye mkanda laini na bolti ndogo inabana sawasawa pande zote. Waya wa kufungia usikubali kabisa. Unabana pande mbili na kuacha mbili.

Na ukibadilisha mmoja, badilisha yote ya upande huo. Kuna sababu ya kikemia. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ni nzuri kwa mapafu ya watoto wetu, lakini usafishaji unaoondoa salfa hupunguza pia kemikali zilizokuwa zinaifanya raba ya zamani ivimbe na kukaza. Raba iliyozoea kuvimba husinyaa. Gari la mwaka 1992 ambalo mipira yake haijawahi kuguswa linaweza kuanza kuvuja sehemu mbili tatu kwa pamoja, na mwenyewe akadhani fundi ameligusa vibaya.

Paipu ya chuma inayopita chini ya chesisi ni suala jingine, na kwa Tanga ni kubwa. Upepo wa bahari una chumvi. Gari linalolala Raskazone au Sahare, au linalobeba samaki na barafu kutoka Kigombe, paipu yake haiozi katikati. Inaoza chini ya vishikizo, pale tope linapokaa na unyevu. Toa kishikizo kimoja ukwangue kwa bisibisi: kutu ikitoka kama maganda, paipu imekwisha hata kama haijatoboka. Kukata kipande na kuunga kwa mpira na klipu mbili kunakubalika pale tu kipande kilichobaki ni kizima. Nikikuta kutu sehemu mbili, ninapendelea kulaza paipu mpya ya chuma nzima kutoka tangi hadi mbele, kwa sababu kila muungano unaoongeza ni mlango mwingine wa hewa.

Mafundi wa friji watakupendekezea paipu ya shaba kwa kuwa inapinda kirahisi na haishiki kutu. Usiiweke kwa urefu wote. Shaba huifanya dizeli iharibike haraka na kutoa uchafu wa gundi. Washa ndogo za shaba hazina eneo la kuleta shida hiyo, mita tatu za paipu zinalo. Mabati yaliyopakwa zinki ni mabaya zaidi, kwa sababu zinki na dizeli hutengeneza utando kama sabuni unaoziba filta, na hilo lihesabu pia ukifikiria kutumia tangi la mabati.

Kichwa cha filta kina mambo yake madogo. Pampu ya mkono iliyo juu ya filta ina raba ndani, ikichoka inadondosha ukiibonyeza. Chini kuna koki ya kutolea maji yenye sili ya mviringo, na filta mpya mara nyingi hufungwa juu ya sili ya zamani. Anza hapo, ni rahisi kuliko vyote.

Paipu za nozeli na riteni

Paipu za msukumo hazina mjadala mrefu. Zinapasuka karibu na nati, kwa mtikisiko, na karibu kila mara utakuta kishikizo kinachozishikanisha kimepotea. Kuna mafundi wanaochomelea kwa shaba. Kataa. Uchomeleaji unapunguza tundu la ndani, na punje ikibanduka inakwenda moja kwa moja kwenye nozeli. Paipu hizi zimekatwa urefu mmoja na tundu moja ili kila silinda ipate mafuta kwa wakati wake, kwa hiyo chaguo ni mpya ya injini ileile, au ya mtumba kutoka injini ileile, isafishwe kwa dizeli na upepo wa kompresa kabla ya kufungwa. Kati ya hizo mbili ninachukua ya mtumba bila wasiwasi, ikiwa koni yake ya mwishoni haina mkwaruzo. Kishikizo kirudishwe, la sivyo utarudi tena.

Nati inayovuja bila ufa mara nyingi inataka kulegezwa, kufutwa na kukazwa upya. Kukaza tu juu ya uchafu kunaharibu koni.

Riteni ni upande wa huruma. Kwenye 1HZ na Hilux za zamani ni paipu ya chuma yenye nati juu ya kila nozeli na washa chini yake. Magari mengine yana vimpira vidogo vilivyofumwa nyuzi kutoka nozeli hadi nozeli. Vimpira vikipasuka, nunua mita nzima na kata vipya vyote. Washa za shaba zinaweza kutumika tena mara moja ukizichoma hadi ziwe nyekundu na kuzizamisha majini, zinalainika na kushika upya. Za aluminiamu hapana, nunua mpya. Gharama yake ni ndogo kiasi kwamba sioni kwa nini mtu azichome isipokuwa yuko porini.

Pampu: sili moja, sili zote, au pampu ya mtumba

Hapa ndipo penye fedha, na ndipo mtu anapohitaji kusimama na kufikiri. Magari mengi ya zamani ya hapa yana pampu ya mviringo ya aina ya VE, iliyobuniwa na Bosch na kutengenezwa pia na Denso kwa ajili ya Toyota. Mara nyingi inavuja sehemu nne, na kila sehemu ina uamuzi wake.

Ya kwanza ni kwenye shina la mkono unaovutwa na waya wa akselereta. Dizeli inajaa juu ya pampu kama kibwawa. Ni sili ndogo ya mviringo. Fundi mzoefu anaweza kuibadilisha pampu ikiwa garini, akichora alama ya mkono dhidi ya shina kabla ya kutoa, maana meno yake ni mengi na ukikosea jino moja sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda au gari linakosa nguvu. Ya pili ni gasketi ya kifuniko cha juu, inayofanana nayo, isipokuwa ndani ya kifuniko kuna springi ya gavana, kile kinachodhibiti mzunguko wa injini, iliyoning'inia. Anayevuta kifuniko kama mfuniko wa sufuria anaichomoa. Kazi hizi mbili, ikiwa pampu ni nzima vinginevyo, zifanyike garini.

Ya tatu ni kichwa cha pampu, pale paipu za nozeli zinapotokea. Kuna sili kubwa kati ya kichwa na mwili. Utasikia kwamba inawezekana kulegeza bolti nne, kukivuta kidogo, kuingiza sili na kurudisha. Inawezekana, na pia inawezekana springi za ndani zikahama na kishimu kidogo, kile kibati cha kujazia nafasi, kikaanguka bila mtu kuona, pampu ikiwa imelala. Bolti zikikazwa juu ya hilo, umevunja kifaa ambacho ndicho ghali kuliko vyote ndani yake. Kwa uvujaji wa kichwa ninashauri pampu itolewe, isimamishwe wima mezani kwa fundi pampu, ibadilishwe sili zote. Tofauti ya gharama ni ya ufundi wa kutoa na kurudisha, na inalipa.

Ya nne inatisha zaidi kwa sababu haionekani: sili ya mbele, nyuma ya gia ya pampu. Kwenye 1HZ, kwenye Hilux za 2L, 3L na 5L, na kwenye Land Rover ya 300Tdi, pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi. Dizeli inayotoka hapo inauloweka mkanda, raba inaoza, na siku mkanda unapokatika vali zinakutana na pistoni. Ukiona kifuniko cha taimingi kinachuruzika kwa chini, acha kulinganisha bei. Sili na mkanda vyote vibadilishwe kwa safari moja. Kwa Canter zenye pampu ya mstari inayolainishwa na oili ya injini, dizeli inaingia kwenye oili: kipimo kinapanda badala ya kushuka na oili inanuka dizeli. Gari kama hilo lisiende hata Pongwe hapo jirani. Oili iliyochanganyika na dizeli haishiki beringi.

Sasa swali kuu: sili peke yake, au pampu nyingine? Uliza gari linavyowaka likiwa la moto. Pampu iliyoliwa ndani inawasha vizuri asubuhi, mafuta yakiwa mazito, na kukataa mchana baada ya safari, yakiwa mepesi na kuvuja ndani kwa ndani. Madereva wa Canter za machungwa ya Muheza wanalijua hili: linazimwa kwa mzani au mapumziko, linakataa, mpaka pampu imwagiwe maji ndipo linawaka. Gari likifika hapo, kununua sili ni kutupa hela, tatizo ni kichwa na si raba. Lakini likiwaka baridi na moto, lina nguvu mlimani na halitoi moshi mweusi, basi pampu ni nzima na inahitaji sili tu. Usikubali kuuziwa nyingine.

Pampu ya mtumba kutoka Japani au Dubai ina mvuto kwa sababu inafungwa siku hiyohiyo. Shida yake ni kwamba imekaa rafu miezi au miaka ikiwa kavu, na raba zilizokauka huanza kuvuja wiki chache baada ya kupata mafuta. Kwa hiyo anayechagua ya mtumba aweke bajeti ya sili papo hapo, na hapo mara nyingi anakuta ingekuwa rahisi kutengeneza yake. Ikibidi kuinunua, namba ya kibati chake ilingane na ya zamani. Pampu ya 1HD-T, iliyotengenezwa kwa turbo, haifai 1HZ hata kama kwa macho zinafanana.

Seti ya sili nayo si moja. Uliza za viton, aina ya raba sugu, ambazo hazisinyai kwa dizeli ya salfa kidogo. Mara nyingi ni za rangi ya kahawia au kijani, ingawa rangi si ushahidi na muuzaji mwaminifu atakuonyesha pakiti. Za raba nyeusi ya kawaida ni nafuu na zitafanya kazi, ila kwa kazi ambayo fundi anachukua siku nzima kufungua na kufunga, kubana hapo ni kujinyima vibaya.

Fundi wa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa

Kazi za mipira, riteni na paipu hazina sababu ya kutoka Tanga. Kwa pampu, cha kuangalia ni kama fundi ana mashine ya kupimia, ile inayozungusha pampu mezani na kupima mafuta ya kila paipu kwenye vichupa vya kioo. Kubadilisha sili bila kupima kunawezekana, lakini hutajua kama paipu moja inapata pungufu. Muulize, na omba uone vichupa.

Asipokuwa na mashine, pampu ni mzigo unaopanda basi kutoka stendi ya Kange bila shida, na gari linabaki nyumbani. Wengi wanatuma Dar es Salaam, ambako Gerezani na Ilala kuna spea na mafundi tele. Mombasa iko karibu zaidi kwa njia ya Horohoro na ina maduka mazuri ya Land Rover na Canter, ila kuna ushuru na karatasi za mpakani. Kwa kifaa kimoja ninachagua Dar. Kwa anayehitaji vitu vingi kwa pamoja, Mombasa inastahili safari.

Vyovyote iwavyo, kabla pampu haijatolewa, chora alama kwa tindo kati ya ubao wa pampu na mwili wa injini, ili taimingi irudi palepale. Ziba matundu yote kwa plastiki safi. Kwenye boksi weka karatasi yenye aina ya injini, namba ya pampu, mahali panapovuja, na tabia ya gari likiwa la moto na la baridi. Mwambie fundi arudishe sili za zamani. Anayezirudisha amezibadilisha.

Tangi

Kwanza kabisa: je, linavuja ukijaza tu? Basi huenda halijatoboka. Juu ya tangi kuna gasketi ya boya la geji na mpira mnene wa kujazia, na vyote hufikiwa na mafuta tangi likiwa limejaa. Shusha tangi, badilisha gasketi, kazi imekwisha.

Likiwa limetoboka kweli, kutu huwa imetoka ndani, kwa maji yanayokaa chini ya dizeli. Kwa hiyo kitobo kimoja kina ndugu zake wembamba pembeni. Gundi ya chuma juu ya sehemu iliyosuguliwa hadi kung'aa inadumu vizuri kwa kitobo kimoja chenye chuma kizima kukizunguka. Kuchomelea ni imara zaidi, lakini tangi tupu la dizeli ni bomu, kwa sababu kilichobaki ndani ni mvuke. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, kisha lijazwe maji hadi karibu na mahali pa kuchomelea. Fundi akisema limekauka jua la wiki nzima, halina shida, chukua tangi lako uondoke. Sitaki kusikia msiba wa namna hiyo kwa sababu ya ndoo tatu za maji.

Chuma kikiwa kimeliwa sehemu kubwa, tangi la mtumba la gari ileile ni uamuzi bora kuliko viraka. Ligonge kwa kidole kila sehemu kabla ya kulipa, na uchungulie ndani kwa tochi: wekundu sakafuni unamaanisha unanunua shida ya mwenzako. Baada ya hapo, toa maji kwenye filta mara kwa mara, na usiache tangi likilala tupu, maana nafasi tupu ndiyo inayovuta unyevu, na Tanga unyevu haukosekani mwaka mzima.

Kazi yoyote kati ya hizi ikikamilika, toa hewa yote, acha gari lilale, lijaribu asubuhi kabla ya kumlipa fundi salio. Klipu mpya zikazwe tena baada ya siku mbili tatu, kwa kuwa mpira mpya hujibana. Na tangi lijaze mpaka juu mara ya kwanza ukiwa hapa mjini, uangalie chini yake, kabla hujalipandisha mlima wa Soni na mzigo.